Nyumba za Moduli Mwambaoni: Waja Leo, Waondoka Lini?

Hii ni hotuba niliyotoa Jumamosi pale Ngamiani, Tanga, mbele ya mafundi, wenye viwanja na walimu wachache waliokuja kusikiliza. Wengi mlikosa kwa ile mvua, wengine mlikuwa mazikoni, mkaniomba niiweke yote. Picha za ukutani nimeziacha, maneno ni yaleyale, na nilipochapia nimeacha hivyohivyo.

Wazee wangu shikamooni. Mama zangu shikamooni. Vijana, mambo? Haya, sogeeni mbele, huko nyuma bati linavuja na nitalisema baadaye.

Nani hapa hajausikia ule msemo wa mji wetu, waja leo waondoka leo? Hakuna. Na nani hamjui mgeni aliyeshuka stendi akasema nimekuja siku mbili tu, kesho kutwa narudi Dar, na leo ana wajukuu Chumbageni? Mnacheka kwa sababu wengine wenu ndio nyinyi.

Sasa leo na mimi nina mgeni wangu nataka tumjadili. Nyumba za moduli. Hizi zinazotengenezwa vipande kiwandani, chumba kizima au kuta zake, zinaletwa na lori, kreni inanyanyua, bolti zinafungwa, wiki mbili mtu yuko ndani anakunywa chai. Wengine mnaziita za kontena, wengine za paneli, wengine prifabu. Hazifanani, najua, kontena ni kontena na paneli ni paneli, lakini maradhi yao ni ya ukoo mmoja na ndio maana nawaweka kikao kimoja.

Mimi nimechomelea chuma mji huu miaka 22 na kila nikienda kupima kazi swali ni lile lile. Fundi, hii itadumu miaka mingapi? Zamani nilikuwa najibu haraka, hamsini. Kwa nini hamsini? Brosha imesema hamsini! Na brosha haijadanganya wazee wangu, hiyo ni namba ya wahandisi kweli, kanuni za Ulaya zinataka jengo la kawaida lipigiwe hesabu ya miaka 50 na vile vipande vya kubadilishwa vipigiwe 10 mpaka 25. Ila namba hiyo ina mkia. Mkia unasema hivi, likifanyiwa matengenezo yaliyotarajiwa. Muuzaji anachapa namba kwa wino mkubwa, mkia anaubakiza kwake. Kuna aliyewahi kuuona mkia hapa? Hata mmoja?

Basi nawapa hadithi mbili za mbali, halafu tunarudi nyumbani.

Ya kwanza Uingereza. Vita Kuu ya Pili imeisha, miji imepigwa mabomu, askari wanarudi hawana pa kulala. Serikali ikasema tutengeneze nyumba viwandani, hata viwanda vilivyokuwa vinaunda ndege vikageuzwa vikaunda nyumba. Kati ya 1945 na 1949 zikasimamishwa zaidi ya 156,000. Zikaambiwa nyinyi ni za muda, miaka 10, ikizidi sana 15, halafu tutawabomoa. Waja leo waondoka leo! Sasa kusini mwa London, Catford, kulikuwa na mtaa unaitwa Excalibur, nyumba 187, nyingi zilisimamishwa na wafungwa wa vita wa Kijerumani na Kiitaliano, fremu za mbao na karatasi za asbesto. Asbesto mnaijua, ukiikuta kwenye paa la zamani usiikate na grinda, vumbi lake linaua mapafu, tuendelee. Mbao na asbesto tu, hakuna zege la maana, hakuna chuma cha maana, na zaidi ya miaka 60 baadaye watu walikuwa bado wanaishi humo, na halmashauri ilipotaka kubomoa wenyeji wengine wakagoma. Mwaka 2009 nyumba 6 kati ya hizo zikaingizwa kwenye orodha ya majengo ya kuhifadhiwa. Nyumba ya miaka 10 imekuwa kumbukumbu ya taifa!

Ya pili Japani, Tokyo. Mwaka 1972 mbunifu Kisho Kurokawa akamaliza jengo la Nakagin, vyumba 140 vya chuma, kila kimoja kama sanduku lenye dirisha la mviringo, vimening'inizwa kwenye minara miwili ya zege, kila sanduku limeshikwa na bolti nne. Akasema mnara ubaki, masanduku tutayabadilisha kila baada ya miaka 25, la zamani linatoka jipya linaingia. Akili nyingi, si ndio? Miaka 25 ikafika. Wangapi wamebadilisha? Sifuri. Hata sanduku moja halikubadilishwa. Kwa sababu ili ulitoe la chini ilibidi utoe yaliyo juu yake, na ya juu yana wenyewe, kila mmoja na mfuko wake na maneno yake. Mwaka 2007 wenye vyumba wakapiga kura libomolewe, mabishano yakaendelea, 2022 likabomolewa, baadhi ya masanduku yakaokolewa yakapelekwa makumbusho. 1972 mpaka 2022, pigeni hesabu. Hamsini kamili. Brosha ingefurahi.

Kwa hiyo wa kuondoka akakaa, na wa kukaa akaondoka.

Na msiseme Wajapani hawakuwa na akili, maana hilo jengo la Nakagin tunalo hapa hapa Ngamiani. Nyumba ya urithi, vyumba sita, ukumbi katikati, warithi saba. Bati la juu ya chumba cha shangazi linavuja. Shangazi anasema bati ni la wote. Kaka mkubwa yuko Dar anasema nitatuma. Mwenye chumba cha mbele anasema kwangu hakuvuji. Mwaka wa tatu boriti imeoza na ukuta wa udongo umeshuka. Nani aliiua nyumba ile, mvua? Sasa ukinunua nyumba ya moduli, hasa ya kupangana juu, swali langu la kwanza kwako halihusu chuma. Nakuuliza hiki kipande kikichoka, kinatoka bila kumgusa jirani? Na nani anatoa hela?

Haya, turudi kwenye chumvi, maana hapa ndipo sisi wa mwambao tunaonewa.

Bati na zile fremu nyembamba za paneli zimepakwa zinki. Ile nzuri inayosifiwa ina gramu 275 kwa mita ya mraba, ukigawa pande mbili unapata unene wa kama maikroni 20 kila upande. Maikroni 20 ni nini? Unywele wako mmoja ni kama 70. Yaani kinga yako yote dhidi ya bahari ya Hindi haifiki theluthi ya unywele. Bara pakavu hewa safi, zinki inaliwa chini ya maikroni 1 kwa mwaka, kwa hiyo miaka 20 inapita umekaa. Ufukweni kwenye chumvi kali inaliwa maikroni 4 mpaka 8 na kitu. Gawanya mwenyewe. Miaka miwili na nusu mpaka mitano, halafu chuma kiko uchi. Bati ni lile lile, kiwanda ni kile kile, brosha ni ile ile! Mtu wa Handeni huko bara na mtu wa Raskazone hapa ufukweni wamenunua siku moja duka moja, mmoja atamsifu muuzaji na mmoja atamlaani, na wote wana haki.

Na geji jamani, geji. Namba ikipanda bati linazidi kuwa jembamba, 32 ni jembamba kuliko 28, bado nakutana na watu wazima wanaojisifu wamenunua kubwa.

Nawapa kisa cha kontena. Tajiri mmoja, simtaji, ana ofisi ya kontena karibu na maji. Kila Idi anapaka rangi, bluu inang'aa mpaka unajiona. Akaniita, fundi mlango haufungi, njoo ubadilishe bawaba. Nikaenda na bawaba mpya mfukoni. Nikatazama mlango, mlango mzima. Bawaba, nzima. Nikachuchumaa, nikatoa nyundo yangu ndogo nikaanza kugonga ile reli ya chini kutoka katikati kwenda kona. Tii. Tii. Tii. Tii. Bup. Nikarudia pale pale, bup. Nikaweka bisibisi nikasukuma kwa kiganja tu, ikaingia yote mpaka kwenye mpini, na nilipoichomoa ikatoka na kutu ya tabaka tabaka kama maganda ya kitunguu, vipande vikubwa vimeshikana, rangi ya bluu bado iko juu yake nzima! Kona imeoza imezama mchangani, fremu imepinda, ndio maana mlango haufungi. Yeye alikuwa anapaka rangi macho yanapofika. Chini hakuwahi kuinama.

Kwa nini chini? Kwa sababu kontena lake limekaa juu ya mchanga, mchanga una chumvi na hauachi kuwa na unyevu. Na kuna jambo la pili ambalo watu wengi wanalielewa kinyume. Wanadhani mvua ndio adui wa chuma. Sawa, ni adui, lakini ufukweni mvua pia ni muoshaji, inaosha chumvi. Pale mvua isipofika, chini ya sakafu, chini ya upenu, nyuma ya kibao cha jina, chumvi inatua leo, inatua kesho, haiondoki. Usiku inavuta umande, asubuhi inakula. Ndio maana nawaambia wenye kontena, kabla ya rangi nunueni mpira wa maji. Maji ya bomba, osha chini na pembeni mara moja kwa mwezi hata kama mvua haijanyesha, hasa kipindi upepo unatoka baharini. Watu wananiona nimechanganyikiwa, naosha chuma ili kisipate kutu.

Kijana mmoja aliniambia lakini bro kontena ni chuma maalum, si kinavuka bahari? Kinavuka, kweli. Kile chuma kina shaba kidogo na vitu vingine, kinajitengenezea ngozi ya kutu ngumu inayozuia kutu nyingine, ila ngozi ile inahitaji kulowa na kukauka, kulowa na kukauka, na ikipata chumvi kila siku haijifungi vizuri. Na kazi ya baharini kontena linafanya miaka 10 mpaka 15 hivi, likikaguliwa na kupigwa viraka muda wote, ndipo linauzwa. Linauzwa kwa nani? Kwako! Unanunua mstaafu halafu unamwambia anza maisha.

Sasa nifike pale nilipotaka kufika tangu asubuhi. Hizi nyumba hazifi mwilini. Zinafia kwenye jointi. Semeni na mimi. Zinafia kwenye jointi.

London tena, 1968. Jengo la Ronan Point, ghorofa 22, kuta za zege zimemiminwa kiwandani zikaletwa zikapangwa kama karata. Wapangaji wameingia miezi miwili tu. Tarehe 16 Mei alfajiri mama mmoja ghorofa ya 18 anawasha jiko la gesi apike chai. Gesi ilikuwa inavuja. Ikalipuka, ukuta wa pembeni ukasukumwa nje, vya juu havina pa kukalia vikashuka, vikaangukia vya chini, kona nzima ya jengo ikaporomoka. Watu 4 walikufa. Mama wa chai alinusurika. Jengo likatengenezwa likakaliwa tena, na lilipokuja kubomolewa 1986 wakalifungua ghorofa kwa ghorofa taratibu ili wachunguze, na ndani ya jointi, pale palipotakiwa kuwa na zege la kujaza, walikuta mapengo na magazeti. Magazeti! Zege la paneli lilikuwa zuri, hakuna aliyelilaumu. Fundi wa jioni, amechoka, tundu halionekani, akasukumia gazeti.

Msimcheke. Mimi ninalo gazeti langu.

Kuna darasa nililijenga mimi, shule siitaji, paneli zile za bati mbili na povu katikati. Kazi nzuri, imenyooka, mkuu wa shule akatupigia makofi. Kwenye jointi za paa nikaziba kwa silikoni, tena ile ya bei ya chini ya kuzibia mabafu, sikuweka kofia ya bati ya kutosha ya kulalia juu. Sasa sikilizeni. Bati la mita 12, usiku lina joto la 25, saa saba mchana kwenye jua linafika 65, hapo linarefuka karibu milimita 6. Jioni linarudi. Kesho tena. Ile silikoni yangu inavutwa na kuachiwa kila siku ya Mungu. Mwaka wa tatu nikaitwa, fundi, kunavuja. Nikapanda. Raba za skrubu zimekauka, ukizigusa zinavunjika kama kaukau, silikoni imebanduka upande mmoja na kuacha mwanya wa kupitisha ukucha. Nikakata dirisha dogo kwenye paneli nione povu. Maji yametiririka, yamejaa ndani kama sponji, na bati la chini limeoza kutoka ndani kuja nje. Kwa nje lilikuwa jeupe safi kabisa.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, sawa, lakini wahenga walikuwa na ukuta unaoonyesha ufa. Paneli haikuonyeshi. Lile kosa ni langu na nilirudia kazi ile kwa hela yangu, mke wangu yuko hapa atawaambia tulikula nini mwezi ule.

Baada ya hapo ndio nikamkumbuka babu yangu mzaa mama, Kigombe. Babu alikuwa na mashua. Mashua ni nini kama sio vipande vilivyoungwa? Ubao na ubao, msumari, na katikati ya ubao na ubao kuna mwanya. Mwanya ule alikuwa anautia kalafati, pamba iliyoloweshwa mafuta, anaigongea kwa patasi butu taratibu kama anamlisha mtoto. Akimaliza juu anapaka sifa, lile la mafuta ya papa, nyumba nzima inanuka, chini anapaka shahamu, yaani mafuta ya mnyama, na chokaa. Na kila baada ya muda mashua inapandishwa, inalazwa ubavu, anaitembelea kwa vidole mwanya hadi mwanya. Nikamuuliza babu, mashua hii ina miaka mingapi? Akaniambia ubao upi? Mimi nikadhani ananitania.

Mafundi, tarehe ya kalafati ndiyo inayokosekana kwenye mikataba yetu. Andikeni. Mwaka wa kwanza tunakaza bolti, maana nyumba imetoka mbali, imerushwa kwenye matuta kutoka Dar kupitia Chalinze na Segera, imening'inizwa kwenye kreni, ikishakaa inajinyoosha. Mwaka wa tatu raba za skrubu. Mwaka wa tano silikoni yote inakwanguliwa, inapigwa mpya, na iwe ile inayovutika. Bolti za chuma kisichoshika kutu usizifunge moja kwa moja kwenye chuma cha zinki bila kutenganisha kwa plastiki au raba, pakiwa na maji ya chumvi kimoja kinamla mwenzake.

La miguu, kontena likae juu ya nguzo fupi za zege kwenye zile kona nne, upepo upite chini, mtu aweze kuingiza mkono na tochi. Mchwa hali chuma lakini sakafu ni mbao, na njia yake ya udongo utaiona mapema kama chini pako wazi. La kukata, uzito wa kontena unabebwa na kona na fremu, mabati ya ubavuni yanasaidia kukaza, ukitoboa dirisha kubwa bila kuweka fremu ya chuma umetoa mbavu, na paa likianza kubonyea maji yanatuama hapo hapo. Basi.

Hapa mama mmoja alinyoosha mkono, naandika kama ilivyokuwa. Akasema, mwanangu, umetutisha vya kutosha, kwa hiyo nijenge tofali?

Mama, nenda Tongoni, kwenye yale magofu. Wale walijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa, mamia ya miaka, msikiti na makaburi yako pale unaweza kuweka kiganja ukutani. Paa liko wapi? Na tofali la leo je, fundi amechanganya zege kwa mchanga wa pwani na maji ya kisima cha chumvi, nondo inavimba ndani, nguzo inapasuka kwa urefu, umeziona mwenyewe nyumba hizo. Upande mwingine huko Texas, mji wa San Antonio, kuna hoteli vyumba vyake karibu 500 vilimiminwa kama masanduku ya zege, vikapandishwa na kreni 1968, mpaka leo inapokea wageni, na yale makazi ya Montreal, Kanada, masanduku 354 ya zege ya mwaka 1967, mpaka leo watu wanapigania kuishi humo. Kwa hiyo mama mimi siwezi kukujibu tofali au moduli. Nikuulize mimi, una nani wa kupanda juu kila mwaka wa tatu? Akasema nina mjukuu, lakini anaogopa ngazi. Ukumbi ukacheka. Nikamwambia basi jenga ya chini, isiwe ya ghorofa, na mnunulie ngazi nzuri.

Sasa nimeona saa. Kuna kontena hapo uani, la stoo ya ukumbi huu, mmepita pembeni yake mkiingia. Limepakwa rangi juzi juzi. Nimekuja na nyundo nne. Mimi sitagonga, mtagonga nyinyi, na anzeni ule upande wa nyuma uliopakana na ukuta, ambako jua halifiki wala mvua haifiki.

Tulitoka tukiwa kama watu arobaini. Aliyeanza ni yule yule mama, kajifunga khanga kiunoni, akachuchumaa bila kusaidiwa. Alifika kona, akagonga mara mbili, akasimama akanitazama, akasema, hebu njoo usikie hii.